Kisanduku cha sebuleni: miezi mitano na kompyuta ndogo chini ya runinga

Mama yangu hutazama taarifa ya habari ya saa moja jioni. Hilo halina mjadala. Akija kututembelea hapa Migosi, Kisumu, kutoka Shinyalu, Kakamega, saa moja kasoro dakika tano ameshaketi, chai mkononi, leso magotini, macho kwenye kioo. Naanza na yeye kwa sababu nilipoamua kuondoa king'amuzi na kuweka kompyuta ndogo sebuleni, kila mtu aliniuliza habari za picha, kasi na memori. Mimi nilikuwa na swali moja tu: Mama ataweza kuiwasha nikiwa kazini?

King'amuzi chetu kilikuwa kimezeeka, kinajizima katikati ya mchezo. Video tulizitazama kwa laptopu yangu ya kazi, kila jioni kebo ya HDMI inavuka sakafu, na mtoto alishajikwaa mara mbili. Runinga yenyewe ni ya inchi 43, picha ya 1080, haina intaneti ndani. Rafiki zangu waliniambia ninunue kijisanduku cha Android cha elfu tano nimalize. Ni ushauri mzuri, na kama haja yako ni YouTube na Netflix tu, ufuate, huna haja ya kuendelea kusoma. Sisi tulitaka stesheni za antena, muziki, na video zetu wenyewe zilizorundikana kwenye diski, vyote vipatikane kwa rimoti moja.

Nilinunua HP EliteDesk 800 G3 Mini, mtumba wa Uingereza, kwenye duka moja la Oginga Odinga Street, shilingi 17,000. Prosesa ni Core i5-7500T, memori GB 8, SSD ya GB 256. Upana wake ni kama sentimita 17 na nusu kila upande, unene hata sentimita 4 haufiki. Nikiiweka kando ya Biblia ya Mama, Biblia ndiyo nene. Ile T mwishoni mwa jina la prosesa ina maana yake: ni ya wati 35, kwa hiyo haipati joto jingi na feni haipigi kelele. Kwa kitu kitakachokaa sebuleni, ningetafuta hiyo T kabla ya kuuliza kasi.

Jambo la pili la kuangalia ni kizazi cha prosesa. Cha saba, kama hii yangu, kina uwezo wa kufungua video zilizobanwa kwa mitindo ya HEVC ya biti 10 na VP9 kwa sehemu yake ya picha, bila kuichosha prosesa yenyewe. Cha sita, ambacho muuzaji alikuwa nacho kwa bei ya chini kidogo, hukwama kwenye hizo za biti 10. AV1, mtindo mpya zaidi wa kubana video, hata hii ya saba haina. Kwa Intel hiyo ilianza kizazi cha kumi na moja. Sijaumia kwa kuikosa mpaka sasa.

"Bosi, hii ilikuwa ya ofisi za huko, haijafanya kazi ngumu," muuzaji aliniapia. Nyumbani nikafungua skrubu ya nyuma, moja tu, inazungushwa kwa vidole. Kwenye feni vumbi la kijivu limelala kama blanketi, na ndani yake mguu mmoja wa mende. Mende wa Uingereza au wa Kisumu, sikuweza kujua. Nilisafisha kwa brashi ndogo ya rangi, nikiwa nimeishikilia feni kwa kidole isizunguke.

Hapo ndipo nilipogeuza mgongo wa mashine kutafuta HDMI na kukuta haipo. Mashine hizi zina matundu mawili ya DisplayPort, aina nyingine ya tundu la picha, na nafasi ya tatu inayotegemea aliyeagiza alitaka nini. Aliyeagiza yangu alitaka VGA, lile tundu la skrini za zamani. Ilikuwa Jumamosi jioni, maduka yamefungwa, na watoto wamekaa mstari kwenye kochi wakingoja onyesho. Adapta niliipata Jumatatu kwa shilingi 700. Kwa runinga ya 1080 yoyote ya bei nafuu inatosha. Mwenye runinga ya 4K aulize hasa ile inayoweza kupitisha picha 60 kwa sekunde, kwani hizi za kawaida huishia 30, na mshale wa mausi unaonekana ukiburuta mguu.

Ilikuja na Windows 10. Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na i5-7500T haimo kwenye orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11. Nikaifuta nikaweka LibreELEC, ambayo ni Linux iliyopunguzwa mpaka ikabaki na kazi moja ya kuendesha Kodi, programu ya kuchezea video, muziki na TV. Ni bure. Unaiandika kwenye flashi, unawasha mashine huku ukibonyeza F9, unachagua flashi, na dakika kumi hazipiti kazi imeisha. Inafuta diski nzima, kwa hiyo kama kuna kitu chako humo, kitoe kwanza.

Kodi yenyewe ni ya zamani. Ilizaliwa kwenye Xbox, ikaitwa XBMC, ikabadili jina mwaka 2014. Haiji na filamu hata moja. Unaipa video zako, inazipanga vizuri na kuzicheza, basi. Ukikutana na mtu mjini anauza kisanduku cha "Kodi yenye kila kitu", jua anachouza si Kodi.

Sababu kubwa ya kuchagua LibreELEC ni stima. Hapa kwetu inaweza kupotea mara tatu kwa wiki, na wakati wa mvua mara tatu kwa siku. Mfumo wa LibreELEC umewekwa kwenye sehemu ya diski inayosomwa tu, haiandikwi wakati wa matumizi, kwa hiyo umeme ukikatika ghafla hakuna faili ya mfumo inayoachwa nusu. Kwa miezi mitano imezimika hivyo mara nyingi mno na kila mara imeamka salama.

Siku ya kwanza ilipowaka, picha ilikuwa safi kwenye runinga na sauti ikatoka chini, ndani ya mashine, kama mtu aliyefungiwa kwenye debe. Kumbe EliteDesk ina spika ndogo ndani. Unaingia kwenye mipangilio ya sauti ya Kodi unaielekeza HDMI. Spika za runinga yetu nazo ni hafifu, basi nikaishia kuchomeka sabufa kwenye tundu la hedfoni la mashine. Tundu hilo liko mbele. Waya unaning'inia mbele ya kabati kama kamba ya mbuzi, na mke wangu haachi kuutaja mgeni akiingia.

Antena ndiyo iliyonila muda. Kenya tulihama matangazo ya analogi mwaka 2015, na mfumo wetu wa dijitali ni DVB-T2. Kidude cha kwanza cha USB cha kunasa matangazo nilichoagiza kilikuwa cha DVB-T, bila ile 2. Kilitafuta stesheni usiku mzima na hakikupata hata moja, na haki yake, hakikuumbiwa nchi hii. Shilingi 1,500 zikaenda. Cha pili, cha 2,800, kilikuwa sahihi, lakini kilinilazimu kuwasha madereva ya ziada ndani ya LibreELEC na kuweka Tvheadend, programu inayopokea mawimbi na kuyakabidhi kwa Kodi. Tvheadend ina kurasa nyingi za mipangilio zenye maneno ambayo hata fundi wa antena hayajui. Jioni mbili nilikaa sakafuni na simu mkononi. Stesheni zilipojaa kwenye orodha nilijipigia makofi peke yangu.

Mama akaja Ijumaa iliyofuata.

Rimoti ya runinga haikusaidia. Kompyuta za aina hii hazina CEC, ule ujanja unaowezesha rimoti ya runinga kuamrisha kifaa kilichochomekwa kwa HDMI. Nilikuwa nimenunua rimoti isiyo na waya yenye kipokezi cha USB, shilingi 1,600, ina vitufe zaidi ya arobaini na kibodi mgongoni. Mama aliishika mara moja, akaigeuza, akakuta kibodi, akairudisha mezani taratibu kama mtu aliyeshika simu ya polisi. Nikachukua plasta ya dukani nikafunika vitufe vyote isipokuwa mishale, kile cha katikati, cha kurudi, na sauti. Vikabaki vinane.

Kuwasha ndiko kulikobaki, kwa sababu rimoti hiyo haiwezi kuamsha mashine iliyozimika, na kitufe cha mashine ni kidogo na kipo chini kabisa kabatini. Jibu nililipata ndani ya BIOS, mipangilio ya msingi ya mashine yenyewe, ambako unaingia kwa F10 inapowaka. Kuna mpangilio unaohusu mashine ifanye nini umeme unaporudi baada ya kukatika: ibaki imezimika, iwake, au irudi ilivyokuwa. Nikachagua iwake. Halafu Kodi nikaiagiza ianze kwa kucheza TV moja kwa moja. Basi sasa swichi ya soketi ukutani ndiyo swichi ya kila kitu. Unabonyeza, runinga inawaka, mashine inawaka, baada ya nusu dakika mtangazaji anaongea. Ijumaa ile Mama alibonyeza mwenyewe saa moja kasoro dakika tatu. Hakusema kitu. Alikunywa chai yake.

Jumamosi usiku niliizima kwa rimoti, nikasahau soketi. Stima ikapotea kama saa sita. Ikarudi saa tisa. Mashine ikatii ilivyoagizwa: ikaamka, ikafungua stesheni ya mwisho, na kwa kuwa sabufa imechomekwa kwayo moja kwa moja na huwa haizimwi, haikuhitaji hata runinga. Mhubiri akaanza kukemea pepo sebuleni kwa sauti ya mwisho. Nilipofika mbio, Mama alikuwa tayari mlangoni, leso kichwani.

"Baba, nani amekufa?"

Sheria ya nyumba tangu siku hiyo ni kwamba wa mwisho kulala anazima kwa rimoti kwanza, taa ya mashine ikizimika anazima soketi. Ingefaa kuwa hivyo hata bila mhubiri. Ukanda wa Ziwa Victoria ni kati ya sehemu zenye radi nyingi zaidi Afrika, na waya wa antena unaotoka juu ya paa ni mwaliko. Nimeweka ekstensheni yenye kinga ya mruko wa umeme, shilingi 1,800, na mawingu yakianza kunguruma upande wa Nandi tunachomoa antena pia.

Joto lilinisumbua kidogo. Mwanzoni niliiweka ndani ya kabati lenye mlango, na Kodi, ambayo ina ukurasa wa kuonyesha hali ya mashine, ikaniambia prosesa imefika nyuzi 79 saa nane mchana, feni inavuma. Nilikata mgongo wa kabati kwa msumeno, nikaacha mlango wazi, zikashuka hadi 56. Angalia na wadudu. Mvua za kwanza kumbikumbi walijaa taa za nyumba nzima, na asubuhi nilichomoa mabawa kwenye matundu ya hewa kwa kibanio cha nyusi cha mke wangu.

Sasa nilichokipenda. Binamu zangu hupiga video za mafahali wakipigana huko Shinyalu na kuzituma, nyingine zina dakika arobaini, simu zao zinarekodi kwa HEVC. Laptopu yangu ilikuwa inazicheza kwa kukwamakwama, fahali anarudi nyuma hatua tatu halafu anaonekana ameshashinda. Hapa zinatiririka. Mama anawajua wale mafahali kwa majina na wenyewe kwa ukoo, anatusimulia nani alimuuzia nani, na ngoma ya isukuti ikianza kwenye sabufa vikombe vinatetemeka kabatini. Mke wangu amepakia video ya harusi yetu, ambayo ilikuwa kwenye DVD na tulikuwa hatujaitazama tangu mashine ya DVD iharibike. Umeme ni mdogo, nilipopima kwa kipimo cha soketi ilikuwa kama wati 10 ikiwa imetulia.

Udhaifu mkubwa ni YouTube. Kiendelezi chake ndani ya Kodi kinadai ujisajilishe upande wa Google upate funguo zako mwenyewe, na hata baada ya hapo kina siku za kununa. Watoto wamerudi kuitazama kwenye simu ya mama yao, jambo ambalo lilikuwa mojawapo ya yale niliyotaka kuyamaliza.

Jumla nimetumia shilingi 24,400 pamoja na kebo, au 25,900 ukihesabu kile kidude nilichotupa. Kama ningenunua leo ningehakikisha ile nafasi ya tatu nyuma ina HDMI.

Mama alirudi nyumbani Jumapili. Jumatatu nilitoka kazini nikakuta plasta zote zimebanduliwa, kibodi ya mgongoni ina jemu, na runinga inaongea kwa herufi za Kichina. Binti yangu anasema alikuwa anamtafutia Kukhu, bibi yake, stesheni nyingine.