Uzoefu wangu: ORM ya Django kwenye bukingi za nyumba za wageni Lamu

Ninatumia ORM (chombo kinachogeuza kodi kuwa maswali ya hifadhidata) ya Django, mfumo wa Python wa kujengea tovuti, juu ya hifadhidata ya PostgreSQL kwa mifumo ya bukingi ya nyumba za wageni, Shela na Mkomani. SQLAlchemy, ORM nyingine ya Python, nayo naijua. Wengi huchagua ORM kwa uchache wa mistari ya kodi. Mimi hutazama kwanza kama inanionyesha SQL (lugha ya hifadhidata) inayotuma, na kama inaniachia nitumie nguvu za hifadhidata yenyewe.

Hilo la pili ndilo linalonifanya nibaki na Django. Mfungo Sita, wageni wa Maulidi wanapomiminika, chumba kimoja kuuzwa mara mbili ni balaa. Kinga inayoandikwa sana ni kuita exists(), kuuliza kama bukingi ipo, kabla ya save(), kuhifadhi, na haitoshi: karani na mgeni aliye mtandaoni wakibonyeza kwa pamoja, wote huona chumba ki wazi na wote huhifadhi. Zuio liwe ndani ya hifadhidata. Django ina ExclusionConstraint tangu toleo la 3.0: hukataa bukingi mbili ambazo chumba ni kilekile na tarehe za DateRangeField (kipindi cha tarehe) zinagongana, na condition iziache nje bukingi zilizoghairiwa. Tanguliza BtreeGistExtension kwenye faili ya mabadiliko ya majedwali, ama PostgreSQL itakataa kuiweka namba ya chumba kwenye indeksi ya GiST, ambayo zuio hili hulitegemea. Kipindi huhifadhiwa kwa mtindo wa [), siku ya kutoka haimo, anayetoka tarehe 12 hamzuii anayeingia tarehe 12. Aliyechelewa hupata kosa la IntegrityError, uidake na umpe ujumbe unaoeleweka. Zuio hili ni la PostgreSQL tu, kwa hiyo usifanyie majaribio kwenye SQLite ukadhani umemaliza.

Kasi ndiyo inayowachosha watu. Seva ikiwa Lamu na hifadhidata imekodishwa Ulaya, kila kwiri (swali kwa hifadhidata) ni safari ya kwenda na kurudi. Chukua ukurasa wa bukingi 60 wenye majina ya wageni: bila select_related ni kwiri 61, na kila moja ikila milisekunde 150 ukurasa unapita sekunde 9. Ukiweka select_related("mgeni") inabaki kwiri moja yenye JOIN, yaani inayounganisha majedwali mawili. Malipo, kwa kuwa bukingi moja huwa nayo mengi, yanataka prefetch_related, ambayo huongeza kwiri moja tu. Ila ukiita filter() juu ya malipo yaliyokwisha kuletwa, Django huenda kuuliza upya kwa kila bukingi. Chujio liwe ndani ya Prefetch. Weka assertNumQueries, inayohakiki idadi ya kwiri, kwenye majaribio, maana kosa hili hurudi kimyakimya mtu akiongeza safu moja kwenye templeti. CONN_MAX_AGE, muda wa kuuweka hai muunganisho wa hifadhidata, nayo huanza ikiwa 0, yaani muunganisho mpya kwa kila ombi. Kwa hifadhidata ya mbali, ipandishe.

Hapa SQLAlchemy inaishinda Django: raiseload hutupa kosa papo hapo kodi ikijaribu kuvuta data usiyoiagiza. Ningependa Django iwe na ukali huo tangu mwanzo.

Kinachoniudhi ni update(), ya kubadilisha rekodi nyingi kwa mpigo. Hupita kando ya save(), haiamshi signal (taarifa ambayo Django hutuma rekodi ikihifadhiwa), wala haigusi tarehe ya auto_now, inayojisasisha kila ukihifadhi. Ukighairi bukingi kwa update() huku ujumbe kwa mgeni ukitegemea signal, mgeni hataambiwa kitu.

Kubadilisha jina la safu: makemigrations, amri inayoandika faili ya mabadiliko ya majedwali, itakuuliza kama ni jina jipya tu. Ukijibu hapana, huifuta safu ya zamani na data yake, kisha huunda nyingine tupu. Alembic, chombo cha mabadiliko hayo upande wa SQLAlchemy, haiulizi kabisa, huandika kufuta na kuongeza, kwa hiyo rekebisha faili kwa mkono. Kwa Django endesha sqlmigrate, inayoonyesha SQL itakayotumwa, na usome kila DROP (amri ya kufuta) kabla ya migrate, inayotekeleza mabadiliko. Kwenye MySQL soma mara mbili, kwani mabadiliko yakikwama katikati hayarudi nyuma yenyewe kama kwenye PostgreSQL.