Kongoo au Maabara: Njia Mbili za Kuchunguza Maneno ya Mkopo ya Kijapani

Kitanda cha kizungu huitwa "beddo" kwa Kijapani, lakini wapo wanaotamka "betto". Vivyo hivyo "baggu", yaani mkoba, husikika pia kama "bakku". Ughuna (mtetemo wa nyuzi sauti) wa konsonanti ndefu, kama "dd" au "gg", hupotea hasa pale neno linapokuwa na kipasuo ghuna kingine (konsonanti inayozuia hewa kisha kuiachilia, yenye mtetemo huo), kama hiyo "b" ya mwanzo.

Mtafiti anayetumia kongoo, yaani hazina kubwa ya lugha iliyokusanywa kwa uchunguzi, kama Kongoo ya Kijapani cha Mazungumzo iliyotolewa mwaka 2004 ikiwa na maneno takriban milioni 7, hupata usemi halisi na anaweza kuhesabu matamshi hayo, ingawa sehemu kubwa ni hotuba, zikiwemo za mikutano ya kitaaluma, ambako msemaji huchunga ulimi.

Maabara haina utajiri huo, lakini ndiyo inayoeleza sababu: vipimo vya mwanaisimu Shigeto Kawahara vilionyesha kwamba mtetemo wa nyuzi sauti hukatika kabla "dd" haijaachiliwa, hivyo tofauti yake na "tt" si bayana sana sikioni. Udhaifu wake ni kwamba mtu anayesoma orodha mbele ya kinasa sauti hutamka kwa uangalifu kupita kawaida. Mimi ningeanza na kongoo, kisha nipeleke maabara maneno yanayoyumba tu.