Jumba la Mysore au la Jaipur? Ukiwa na nafasi ya moja tu

Mysore iko kusini mwa India, jimbo la Karnataka. Jumba la zamani la mbao liliungua kwenye harusi mwaka 1897, hili la sasa likaisha 1912, ramani kachora Mwingereza Henry Irwin. Viatu unaacha nje, na mchana jua likiwaka sakafu ya uani inachoma nyayo balaa, we vaa soksi tu. Ila mambo yote ni Jumapili jioni, giza likiingia zinawashwa balbu karibu laki moja kwa mpigo, jumba zima linabaki mistari ya dhahabu, simu zote juu, hata mtoto aliyekuwa analia ananyamaza.

City Palace ya Jaipur ni kitu kingine kabisa, mji wenyewe ulianzishwa 1727 na mfalme Sawai Jai Singh II na familia ya kifalme bado inakaa mle ndani, kwa hiyo tiketi ya kawaida haikufikishi kila kona. Mlango wa tausi upo, piga picha upite. Mi nilichokipenda ni mitungi miwili ya fedha inakaribia urefu wa mtu mzima, kila mmoja kilo mia tatu na zaidi, mfalme Madho Singh II aliibeba hadi London 1902 imejaa maji ya mto mtakatifu wa Ganga, maana maji ya Waingereza hayataki, jamani jeuri ya pesa hiyo!

Kama Jumapili yako iko wazi, Mysore. Siku nyingine Jaipur, sifikirii mara mbili.