Uzoefu wangu na santuri ya The Laughing Policeman: nunua, ila na George W. Johnson msikilize

Kwa wenye haraka nianze na jibu, santuri hii ya The Laughing Policeman (yaani Polisi Anayecheka) inafaa kununua na naipa nyota tano, tatu za Charles Penrose aliyeiimba na mbili za mtu ambaye hatajwi kabisa kama mtunzi, na huyo wa pili ndo hasa aliyenifanya nikae niandike haya yote.

Niliyonayo mimi ni ya kampuni ya Columbia, ile aliyorekodi Penrose mwaka 1926, inchi 10, spidi 78 (mizunguko 78 kwa dakika). Aliirekodi kwanza mwaka 1922 lakini hii ya 1926 ndo iliyosambaa na ndo wanayoijua Waingereza mpaka leo. Naishi Leicester, nimeipata kwa muuza vitu vya zamani sokoni kwa pauni 4, na msidhani nimebahatika, ziliuzwa nyingi mno kwa hiyo mtu akikutajia pauni 40 eti ni kitu adimu muache aendelee na safari yake.

Sasa wimbo wenyewe. Penrose alikuwa mchekeshaji wa Kiingereza, kazaliwa Biggleswade mwaka 1873, mtu wa zile kumbi za nyimbo na vichekesho walizoziita music hall, na kazi yake kubwa ilikuwa kucheka, yaani kucheka ndo kulimpa ugali. Wimbo unahusu polisi mmoja mnene wa mtaani, uso mwekundu, mpole kupita kiasi, anacheka akiwa zamu, anacheka njiani, anamkamata mtu hata hajui kamkamatia nini halafu anaangua kicheko mpaka taya linaachia. Ubeti ukiisha kiitikio hakina maneno, ni kicheko tu, ila kicheko chenyewe kinafuata muziki, kinapanda na kushuka na melodi, hakitoki nje hata kidogo. Jaribuni nyumbani muone. Kucheka kweli ni rahisi, kucheka kwa noti bila kupoteza pumzi na bado kusikike kama kumekutoka tu bila kupanga, hicho ni kipaji na ni mazoezi ya miaka.

Mama mkubwa alikuja kututembelea kutoka Tanga, Kiingereza chake ni cha salamu tu, nikampigia. Ubeti wa kwanza katulia anaangalia tu santuri inavyozunguka, kiitikio kilipoanza akatabasamu, cha pili mabega yakaanza kutikisika, cha tatu kashika kitambaa anafuta machozi na kuniambia "mwanangu zima hiyo nitakufa". Nikamuuliza umeelewa nini, akasema "kwani hapo kuna cha kuelewa?" Kwangu mimi hakuna komenti inayoeleza ubora wa santuri hii vizuri zaidi ya hiyo, na ndo maana imeishi karibu miaka mia wakati nyimbo kibao za vichekesho za enzi zile zimekufa kwa sababu utani wake ulitegemea bei za vitu, mitindo ya nguo na wanasiasa ambao hakuna anayewakumbuka.

Ila sasa sikilizeni hapa. Melodi hiyo na kicheko hicho si vya Penrose. Kwenye kumbukumbu mtunzi anatajwa Billie Grey, ambalo ni jina la kubuni, lakini muziki umetoka moja kwa moja kwenye The Laughing Song ya George W. Johnson, mtu mweusi wa Marekani aliyezaliwa Virginia miaka ya 1840, enzi za utumwa bado. Johnson alikuwa anapiga mluzi na kuimba New York kwenye vivuko vya feri watu wanamtupia sarafu, ndo watu wa fonografu (mashine za mwanzo za kurekodi na kupiga sauti) wakamuona, na mwaka 1890 akaanza kurekodi, anahesabiwa kuwa mweusi wa kwanza kupata umaarufu kwa kurekodi sauti. Na wakati ule hakukuwa na namna nzuri ya kutoa kopi za silinda, yaani zile bomba za nta walizorekodia sauti kabla ya santuri, kwa hiyo wanapanga mashine kadhaa mbele yake anaimba, zikijaa wanatoa wanaweka nyingine, anaimba tena, anacheka tena, kutwa nzima. Fikirieni kicheko kile kile, kila mara kisikike kipya, kwa mtu anayelipwa kwa kila anavyoimba. Zikauzwa kwa maelfu miaka ile ya 1890.

Na maneno yake yanauma. Kwenye wimbo wa Johnson anayechekwa ni yeye mwenyewe, anapita kona anawasikia watu wanamsema kwa weusi wake, kisigino chake, mdomo wake mkubwa kama mtego, naye anajibu kwa kucheka. Huo ndo ulikuwa mlango pekee waliomfungulia, aimbe matusi ya weupe juu yake ili weupe wanunue. Kisha rudini kwa polisi wa Penrose, kuna mahali polisi anafumba macho na kufungua mdomo wake mkubwa wa ajabu. Niliposikiliza hizi mbili zikifuatana mwili ulinisisimka, kwa sababu naamini mdomo ule ni ule ule, umehamishwa tu kutoka kwa mtu mweusi wa New York kwenda kwa polisi wa Kiingereza, tusi likatoka, kicheko kikabaki. Kwa upande mmoja nashukuru, maana wimbo umesafishwa na watoto wanaweza kuusikiliza. Kwa upande mwingine mwenye kicheko alikufa New York mwaka 1914, akazikwa Queens kwenye kaburi lisilo na alama, wakati kicheko chake kilikuwa bado hata hakijafika nusu ya safari.

Maana kimefika mbali sana. Uingereza redio ya BBC iliupiga huu wimbo kwa miaka na miaka kwenye vipindi vya maombi ya watoto, na kwenye miji ya ufukweni kulikuwa na midoli ya polisi ndani ya vioo, unatumbukiza sarafu anaanza kucheka na kuyumba. Sweden, Maj Sjöwall na Per Wahlöö waliandika riwaya ya upelelezi mwaka 1968 wakaipa jina la wimbo huu, mpelelezi wao Martin Beck anapewa santuri yenyewe na binti yake kama zawadi ya Krismasi na haimchekeshi hata kidogo. Riwaya hiyo ikapata Marekani tuzo ya Edgar, ya riwaya za upelelezi, na mwaka 1973 ikawa filamu aliyoigiza Walter Matthau. Kwa hiyo wimbo umetoka Marekani ukaenda Uingereza, ukapita Sweden, ukarudi Marekani kwa sura nyingine kabisa, na jina la Johnson halikusafiri nao.

Kuhusu matumizi. Hizi si plastiki za kisasa, ni shelaki, inavunjika ukiidondosha, na usiisafishe kwa spiriti maana inayeyuka, tumia maji kidogo na sabuni laini bila kulowesha lebo. Usiipigie sindano ya LP, zile santuri za plastiki za baadaye, maana mfereji wa hii ni mpana zaidi. Mimi natumia gramafoni ya mkono, ile ya kuzungusha, na sindano ya chuma natupa kila baada ya upande mmoja, wazee wetu waliokuwa na santuri za Siti binti Saad zilizorekodiwa Bombay mwaka 1928 wanaijua hii desturi. Mikwaruzo ipo, lakini sauti ya Penrose ni nene inapita juu yake.

Kama huna gramafoni usijisumbue kutafuta, intaneti ipo. Na Johnson yuko bure kabisa, ingieni kwenye hifadhi ya silinda ya maktaba ya Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, wana silinda zaidi ya 10,000, huhitaji kujisajili, unasikiliza pale pale au unadaunlodi. Sauti yake ni hafifu, ina mvumo mwingi, weka hedifoni. Sikiliza ya Johnson kwanza ndo uweke ya Penrose, ukianza na Penrose utamsikia Johnson kama anaiga, na aliyeiga siye yeye.