Pilsner Urquell na wenzake: miezi mitatu ya kuonja laga bila haraka

Jumamosi moja jioni nilimmiminia mdogo wangu glasi tatu ndogo, nikamwambia afumbe macho. Ya kwanza akaonja, akasema, "Hii haina kitu, ni baridi tu." Ya pili akanyamaza, akapiga funda jingine, akasema, "Dada, hii ndiyo bia." Ya tatu akaikalisha mdomoni kidogo. "Hii ina utamu zaidi, ila imeanza kulegea." Alipofumbua macho nilimwonyesha chupa tatu mezani. Zote zilikuwa Pilsner Urquell, za tarehe moja. Tofauti ilikuwa joto tu. Ya kwanza ilikuwa na nyuzi 2, ya pili 7, ya tatu 13, na nilikuwa nimezipima kwa kipimajoto cha jikoni kabla hajaketi.

Naandika haya kwa sababu nimechoka kusikia kwamba laga, yaani bia inayochachushwa na kulazwa kwenye baridi, ni kinywaji cha kukata kiu tu, kwamba mwenye ulimi wa kuonja aende kwenye divai. Nami niliamini hivyo kwa muda mrefu. Sasa nimeonja laga na bia nyingine kwa miezi mitatu, karibu kila wikendi, glasi ndogo moja au mbili kwa kikao, daftari pembeni, na naona kosa halikuwa kwenye bia. Nilikuwa nazinywa zikiwa barafu, kutoka kwenye chupa, bila hata kuzinusa.

Harufu ya bia hupanda pamoja na hewa inayotoka kwenye povu. Bia ikiwa karibu kuganda, harufu hiyo hubaki imelala ndani, na ulimi nao unakuwa umekufa ganzi. Unachobaki nacho ni gesi na ubaridi. Sisemi watu wanywe bia ya moto. Nasema itoe kwenye friji, iache dakika kumi au kumi na tano, halafu ndiyo uimimine. Kwangu laga nyingi huzungumza vizuri kati ya nyuzi 5 na 8.

Sasa hiyo Pilsner Urquell yenyewe. Rangi yake si ile njano hafifu iliyozoeleka. Ni dhahabu iliyokolea, inaelekea asali. Povu lake ni zito, jeupe, na likishuka linaacha pete kwenye glasi, pete moja kwa kila funda, kiasi kwamba ukimaliza unaweza kuhesabu mara ngapi umeinua mkono. Ukiinusa unapata kwanza majani makavu yenye viungo kidogo, kisha ganda la mkate uliotoka tanuri sasa hivi. Kwa mbali sana kuna siagi. Mdomoni inaanza na utamu wa kimea, yaani nafaka iliyooteshwa kisha ikakaushwa, mzito kuliko nilivyotarajia kwa bia yenye kileo asilimia 4.4 tu, halafu uchungu unaingia kutoka nyuma ya ulimi na kukaa. Ni uchungu mkavu na safi, usiokwaruza koo, na ndio unaokufanya utamani funda linalofuata.

Kila kimoja kati ya hivyo kina asili yake, na kuijua kulinifanya nionje kwa makini zaidi. Bia hii inatoka Plzeň, katika nchi ya Cheki. Mwaka 1838 wakazi wa mji huo walimwaga hadharani mapipa 36 ya bia iliyoharibika, wakaamua kujenga kiwanda kipya, wakamleta mpikaji wa bia Josef Groll kutoka Bavaria, Ujerumani. Mwaka 1842 Groll akapika bia iliyokuwa ang'avu na ya dhahabu wakati bia nyingi za zama hizo zilikuwa za giza. Alikuwa na shayiri iliyokaushwa taratibu isiungue, hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu) za Žatec, mji wa Cheki, zenye ile harufu ya majani na viungo, hamira ya Bavaria inayofanya kazi kwenye baridi, na maji ya Plzeň ambayo ni laini mno, karibu hayana chumvi za madini. Maji hayo ndiyo yanayouwezesha uchungu wa hopsi kuwa mwingi bila kuparuza. Hadi leo wanachota sehemu ya uji wa kimea, wanauchemsha pembeni na kuurudisha sufuriani, mara tatu. Ile ladha ya ganda la mkate inatokana na kuchemsha huko. Neno pilsna, linaloandikwa leo kwenye bia za kila pembe ya dunia, limetoka kwenye jina la mji huo.

Naipa 9 kwa 10. Pointi moja naipunguza kwa sababu ikizeeka inapoteza sana: chupa niliyoionja ikiwa mbichi na nyingine iliyokaa karibu mwaka mzima zilikuwa kama bia mbili tofauti. Ile ya zamani ilinuka boksi lililolowa, na hopsi zilikuwa zimekwisha kabisa. Basi kwa laga yoyote, kabla ya kutazama bei, tazama tarehe.

Niliyoionja kando yake kwa muda mrefu zaidi ni Budweiser Budvar, ya České Budějovice, nchi hiyohiyo. Isichanganywe na Budweiser ya Marekani, ambayo hupikwa kwa shayiri pamoja na mchele na ni nyepesi zaidi. Hizi mbili zimegombania jina kwa zaidi ya miaka mia. Budvar ina asilimia 5 na ni mpole kuliko ile ya Plzeň: uchungu mdogo, utamu unaokaribia biskuti, na mwisho mlaini. Wanaihifadhi kwenye baridi siku 90 kabla ya kuitoa, na nadhani ulaini huo unatoka hapo. Neno laga lenyewe linatokana na neno la Kijerumani la kuweka ghalani. Bia inalazwa kwenye baridi kwa wiki nyingi, hamira inatulia chini, na ladha kali za ujana wake zinaondoka. Mgeni wa uchungu ningemwanzishia Budvar, na mwezi unaofuata nimpe ile ya Plzeň.

Ya tatu ni Helles ya Munich, mtindo ambao kiwanda cha Spaten kilianza kuuza mwaka 1894 kujibu wimbi la pilsna. Hapa hopsi zimerudi nyuma na kimea kimekaa mbele. Nilionja ya Augustiner. Siku ya kwanza niliandika "nzuri, haina cha kusema". Siku ya nne nikafuta maneno hayo. Ni bia ya kukaa nayo. Utamu wake ni wa nafaka, si wa sukari, na kila kitu kimepimwa hadi hakuna kinachochomoza. Kuipika hivyo ni kazi ngumu, kwa maana laga nyeupe haina pa kuficha kosa. Stauti, bia nyeusi, ikikosewa kidogo, nafaka iliyochomwa itafunika. Kwenye Helles utaligundua kosa kwenye funda la kwanza.

Na makosa yenyewe yana majina na harufu zake. Tufaha bichi: bia imetolewa kabla hamira haijamaliza kazi. Mahindi ya kuchemsha: mara nyingi haikuchemshwa vya kutosha. Siagi nyingi inayobaki mdomoni kama mafuta: hamira haikupewa nafasi ya kusafisha, au kuna vijidudu vimeingia. Usafi huu tunaoutarajia leo una historia fupi kuliko nilivyodhani. Ni mwaka 1883 tu ambapo Emil Christian Hansen, katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, alitenga chembe moja ya hamira na kuikuza peke yake, bila hamira pori, na Carlsberg ikawagawia wapikaji wengine hamira hiyo. Kabla ya hapo kila pishi lilikuwa na bahati yake.

Kosa lililonifunza zaidi nililitengeneza mwenyewe. Nilichukua chupa mbili za laga moja, za rangi ya kijani. Moja nikaiweka kabatini, nyingine nikaiacha dirishani juani mchana mzima, kisha zote zikalala kwenye friji usiku kucha. Siku ya pili nikamimina. Ya kabatini ilikuwa sawa kabisa. Ya dirishani ilinifikia kabla sijaikaribia: kicheche aliyetishwa, na mpira ulioungua nyuma yake. Mdogo wangu alisogeza kiti. Mwanga huvunja viambata vya uchungu vya hopsi, vikaungana na salfa iliyomo ndani ya bia, na pua ya binadamu huikamata harufu hiyo hata ikiwa kidogo mno. Haitoki tena, hata uirudishe kwenye baridi mwezi mzima. Chupa ya kahawia hukinga vizuri, ya kijani hukinga kidogo, nyeupe karibu haikingi kitu, na kopo halipitishi mwanga hata chembe. Wanaodharau makopo wafikirie tena. Na ikiwa umewahi kudhani bia fulani ya chupa ya kijani ndivyo ilivyo, yenye kaharufu kale, inawezekana hujawahi kuionja ikiwa nzima.

Glasi nayo. Nilipoteza wiki mbili nikilaumu bia kwa povu linalokufa, kumbe ni sabuni na mafuta niliyokuwa nayaacha kwenye glasi kwa kuiosha na sifongo la sufuria. Ukiona vipovu vimeng'ang'ania ukutani mwa glasi badala ya kupanda, glasi haijatakata. Sasa zangu zina sifongo lake, nazisuuza kwa maji mengi, nazikausha zikiwa zimeinamishwa, na kabla ya kumimina nazipitisha tena kwenye maji baridi. Mimina ukiwa umeinamisha glasi, ikifika nusu isimamishe, acha povu liote vidole viwili. Povu si hasara. Linatoa gesi ya ziada ili tumbo lisijae, na linashika harufu pale juu, karibu na pua.

Nje ya laga sikwenda mbali, ila tatu nazitaja. Weihenstephaner ya ngano, asilimia 5.4, ina ndizi mbivu na karafuu waziwazi, na hakuna ndizi wala karafuu iliyotiwa humo: ni hamira inayozitengeneza. Nilipoinusa mara ya kwanza nilisoma lebo mara mbili. Ukiimimina, bakiza kidogo chini, zungusha chupa, kisha malizia, ili hamira iliyotuama iingie nayo.

Schlenkerla ya Bamberg, Ujerumani, ni ya moshi. Kimea chake hukaushwa juu ya moto wa kuni za mti wa Ulaya unaoitwa biki, na bia inanuka kama nyama iliyokaushwa jikoni kwa siku kadhaa. Funda la kwanza nililitema. Nasema hivyo kwa wema, maana nilikuwa sijajiandaa. Glasi ya pili, wiki moja baadaye, niliimaliza taratibu, na chini ya moshi kulikuwa na laga safi, ya rangi ya shaba, iliyopikwa vizuri sana. Hii haistahili kuhukumiwa kwa funda moja.

Guinness ya kopo naitaja hasa kuondoa dhana kwamba bia nyeusi ni kali. Ina asilimia 4.2, chini ya laga nyingi za dhahabu. Weusi unatokana na shayiri iliyokaangwa, kama kahawa, na ule ulaini wa krimu unatokana na nitrojeni, yenye vipovu vidogo sana, inayotolewa na kile kigololi cha plastiki kilichomo ndani ya kopo. Itazame ikitulia: vipovu vinavyogusa ukuta wa glasi vinashuka badala ya kupanda, kwa sababu vya katikati vinapanda kwa kasi na kuisukuma bia ya pembeni ishuke nao. Nilikaa naitazama hadi nikasahau kuinywa.

Kwa anayetaka kuanza, nunua laga mbili tu za aina tofauti, zimimine pamoja, na uonje ya pili mara tu baada ya ya kwanza. Ukionja moja peke yake utasema "nzuri" na maneno yataishia hapo. Ukiwa na mbili utasema hii ina mkate zaidi, ile ina majani zaidi, hii inakauka, ile inabaki. Maji ya kunywa yawe karibu. Manukato usijipake siku hiyo. Mimi nilijipaka mara moja, na ukurasa mzima wa daftari ukawa maelezo ya waridi.

Nimebakiza Pilsner Urquell mbili kwenye rafu ya chini ya friji, nyuma kabisa, ambako taa haifiki. Tarehe yake haijafikisha miezi mitatu. Mdogo wangu anakuja Jumamosi, na safari hii yeye ndiye atakayemimina, mimi nifumbe macho.