Mgrivea, mkaratusi, mbuni na mgunga: kuni nilizochoma kwenye jiko la bomba hapa Kibosho

Nitoe hukumu mapema: kwa jiko la chuma lenye mlango na bomba, mgrivea uliokauka sawasawa unanipa moto mzuri kuliko mgunga ulioletwa ukiwa bado na maji. Ukavu wa kuni ndio unaoamua. Bahati mbaya wauzaji wengi wanatuuzia jina la mti.

Naishi Kibosho, juu ya Moshi mjini, ambako Juni na Julai mawingu hulala mlimani na sebule inadai moto jioni nzima. Kuni zinaletwa na kirikuu, bei ni kwa mzigo wa gari, na kila muuzaji atakuambia zake ni kavu. Niliyeanza naye aliapa kuwa mkaratusi wake ulikatwa tangu mwaka jana. Ni kweli ulikatwa, ila ulikaa muda wote huo ukiwa magogo mazima yenye magome yake. Nilipopasua moja, ndani lilikuwa la baridi mkononi, likinuka majani mabichi. Kipima unyevu nilichochomeka kwenye uso huo mpya kilisoma asilimia 34. Kwenye ncha ya gogo hilohilo, penye nyufa nzuri za kumvutia mnunuzi, kilisoma 17.

Sababu yake inaeleweka. Maji ndani ya mti hupita kwa kufuata nyuzi na kutokea kwenye ncha, huku gome likiyazuia ubavuni. Mti uliokatwa leo unaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake, na jiko linataka yawe chini ya asilimia 20. Yakizidi hapo, moto unamaliza nguvu zake kuyachemsha kwanza, kuni zinatoa povu nchani, kioo cha mlango kinakuwa cheusi, na moshi uliopoa unaacha ndani ya bomba masizi yanayonata kama lami. Masizi hayo yakirundikana yanaweza kushika moto humohumo bombani. Mwenye bomba linalopita kwenye dari la mbao asilichukulie jambo hili kirahisi.

Sasa aina zenyewe. Kilo kwa kilo, zikiwa kavu kwa kiwango kimoja, joto lake halipishani sana. Kinachotofautiana ni uzito wa kipande cha ukubwa uleule. Mgrivea ni mwepesi kiasi: unawaka upesi, unapasha chumba haraka, lakini makaa yake hayadumu. Kwa jioni hauna shida, na huku unapatikana kwa urahisi kwa kuwa ndio mti wa kivuli kwenye mashamba ya kahawa, watu huupogoa mara kwa mara. Mkaratusi unatoa moto mkali na makaa ya kutosha, ila upasue ungali mbichi. Ukishakauka nyuzi zake zinakaza, shoka linanasa, na jioni yako imeishia hapo.

Ninaoupenda kuliko yote ni mbuni. Wakulima wanapokata mibuni iliyochoka ili ichipue upya, hubaki vigogo vyembamba, vizito, vyenye gome laini. Vingi havihitaji hata shoka. Vikikauka vinaungua taratibu na kuacha makaa mekundu ambayo yanaendelea kuchemsha birika la chai watu wakiwa wamemaliza kula. Tatizo ni upatikanaji: havijai kirikuu, unavipata kwa jirani msimu wa kukata.

Mgunga unatoka nyika ya chini. Ni mzito kweli, na ukikauka unalaza moto hadi usiku wa manane. Lakini ni ghali, na ni mti wa asili, hivyo muulize muuzaji kibali chake cha kusafirisha kabla hujashusha mzigo. Wa kwangu alianza kuzungukazunguka na maneno, nikaacha kuununua.

Ukaushaji haunigharimu chochote zaidi ya nafasi. Masika yakiisha napasua kuni hadi unene wa kifundo cha mkono au kuzidi kidogo, nazipanga juu ya uchanja zisiguse udongo, bati juu, pembeni wazi upepo upite. Turubai lililoteremshwa mpaka chini linafungia unyevu ndani. Mama zetu huku huziweka darini juu ya meko na zinakauka vizuri, ila usizirundike karibu na jiko la chuma, zitashika moto.

Upepo wa Agosti na Septemba unafanya kazi kubwa, na mgrivea huwa tayari kabla ya vuli. Mkaratusi mnene nauacha upate na jua la Januari na Februari. Asiye na kipima unyevu achague ukuni mmoja, auwekee alama na kuupima kwenye mizani kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, choma. Kuni mbili kavu ukizigonganisha zinalia kwa sauti kali, mbichi zinatoa kishindo kizito.

Muuzaji wangu wa sasa nilimwonyesha zile namba mbili kwenye gogo moja, akacheka, tukaelewana. Ananiletea mkaratusi na mgrivea uliokatwa karibuni, umeshapasuliwa, kwa bei ya kuni mbichi, na kukausha ni juu yangu.