Nouveau au draiva ya NVIDIA: ibaki ipi kwenye laptopu ya Linux?
Nouveau ni draiva huria ya kadi za picha za NVIDIA; nyingine hutolewa na NVIDIA wenyewe. Draiva ni programu inayoiendesha kadi, na mbili haziwezi kuendesha kadi moja kwa wakati mmoja. Zikigombania, unaweza kubaki na skrini nyeusi. Andika `lspci -k` kwenye terminal (dirisha la amri) uone ni ipi iliyoishika kadi.

Nouveau imo ndani ya keneli (kiini cha Linux) tangu toleo la 2.6.33 la mwaka 2010. Ukisasisha mfumo, nayo inakuja humo humo. Ila kwenye kadi za GTX 900 na 1000 haiwezi kupandisha kasi ya kadi, kwa hiyo michezo mizito inakwamakwama.

Ya NVIDIA wenyewe ina nguvu zaidi, lakini moduli yake (kipande kinachopakiwa kwenye keneli) lazima ijengwe upya kila keneli inapobadilika, na Secure Boot (ulinzi wa kompyuta inapowaka) huikataa isiposainiwa kidijitali. Kwa Blender (programu ya kutengeneza picha za 3D) nachukua hii bila kusita. Kwa kuandika na kuvinjari intaneti, Nouveau inatosha kabisa.